Mchunga wa Shangazi Mueni

Maji ya kwanza ya mchunga yana harufu ambayo mtu akishaijua haimtoki. Ni harufu ya majani mabichi yaliyochemka, yenye uchungu unaoingia puani na kushuka hadi nyuma ya ulimi kabla hujaonja chochote. Kwetu maji hayo hayakuwa na kazi yoyote. Mama aliepua sufuria, akakandamiza mfuniko kwa ncha ya leso, akayamwaga nyuma ya jiko, mahali ambapo mawe yalikuwa yameshika doa la kijani lisilofutika. Kisha alitia maji mengine akachemsha tena, na mara hiyo harufu ilikuwa imelegea na kuwa harufu ya chakula. Hapo ndipo alipokata kitunguu na kuchanganya na majani ya kunde ili kupunguza ukali, na mimi na mdogo wangu Mwikali tukajua ugali uko karibu. Nilikulia ndani ya harufu hiyo, katika kijiji kimoja upande wa Migwani, Kitui, na kwa miaka mingi nilidhani kila nyumba duniani inanukia hivyo jua likianza kushuka.

Mchunga, ambao kwa Kikamba tunauita muthunga, ni mmea wa porini. Una udugu na alizeti, ingawa udugu wenyewe hauonekani mpaka uchanue. Mwanzoni ni majani marefu membamba yenye meno pembeni, yametandazwa ardhini kama mtu aliyenyoosha vidole. Baadaye shina lenye uwazi ndani husimama katikati na kutoa maua madogo ya manjano, ambayo hufunguka asubuhi na kujifunga jua likikaza. Maua yakikomaa hugeuka vishungi vyeupe, na upepo ukipita mbegu huondoka nao. Ukivunja jani hutoka utomvu mweupe kama maziwa, unaonata vidoleni na kugeuka rangi ya kahawia ambayo sabuni haiiwezi. Lakini nguvu ya mchunga haimo katika ua wala mbegu. Imo chini. Mizizi yake hutambaa kwenye udongo wa kichanga kama kamba, na kipande kinachobaki ardhini, hata kiwe kifupi kama kidole cha mtoto, kitaota tena.

Kwa sababu hiyo, baba yangu aliuchukia. Tuliula, ndiyo, lakini tuliuokota kandokando ya njia na kwenye mashamba ya watu wasiopalilia kwa bidii. Katika shamba lake haukuruhusiwa. Baba alikuwa mkulima wa mahindi na ndengu na mzee wa kanisa letu dogo la mabati, na shamba lake lilipakana na njia ya kwenda kanisani, kwa hiyo kila Jumapili watu wote waliliona. Alilima kwa plau ya ng'ombe, kisha akarudi nyuma ya plau akiwa ameinama, akivuta mizizi ya mchunga kutoka kwenye udongo uliopinduliwa na kuitandaza juu ya mwamba ikauke mpaka ivunjike. Iliyokuwa imezama aliifuata kwa mtaimbo. Hakuna aliyejua kuliko yeye kwamba plau ikipita juu ya mchunga bila mtu kuokota nyuma yake, unakuwa umeupanda upya. Alituambia hivyo kila msimu, nasi tulimwitikia kama watu wanaoitikia sala.

Shangazi Mueni, dada yake Baba, alikuja wakati wa kiangazi, mavuno ya mvua ndefu yakiwa yameshaisha na vumbi limeshika majani yote. Alikuwa ameolewa Makueni, nje kidogo ya mji wa Wote, na tulizoea kumwona kwenye misiba na harusi tu. Siku hiyo alitoka steji ya matatu kwa miguu, karai la nguo kichwani, na mkononi gunia lililokuwa likidondosha maji. Mimi na Mwikali tulimkimbilia, kwa sababu jina la Makueni kwetu lilimaanisha machungwa na maembe. Tulipofungua gunia tulikuta kamba nyeupe zilizojaa matope.

"Shangazi, umetuletea nini?" nilimwuliza.

"Mboga."

"Mbona ni mizizi?"

"Mboga yenyewe haijaota bado," alisema, akacheka kidogo, na nikaona kwamba midomo yake ilikuwa imekauka kwa safari.

Baba alitoka nyuma ya zizi akijifuta mikono kwenye suruali. Alimtazama dada yake, akalitazama karai, akaona kwamba ndani hamkuwa na nguo za safari ya siku mbili bali nguo zote, pamoja na kioo na pasi ya makaa. Wakasalimiana. Mama alileta kiti na maji ya kunywa. Shangazi alipomaliza kunywa, Baba alisema, "Mueni, umekuja kututembelea au umekuja?"

"Nimekuja," Shangazi alijibu.

Hakuna aliyetueleza sisi watoto kilichotokea, lakini nyumba yetu ya matofali haikuwa na dari, na maneno ya wakubwa yalivuka ukuta kama moshi. Shangazi alikuwa amekaa katika ndoa miaka mingi bila mtoto. Mume wake alileta mke mwingine. Mwanzoni Shangazi alibaki katika nyumba yake, kisha akaombwa ahamie jikoni kwa muda, na kisha jiko lenyewe likahitajika. Nyuma ya jiko hilo alikuwa na vitalu vya mchunga alivyovimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Aliuza majani sokoni Wote, kwa akina mama wenye vibanda vya chakula, kwa sababu madereva wa malori waliotoka pwani walikuwa wakiiulizia mboga hiyo kwa jina. Alipoondoka aliacha vitu vingi, lakini vitalu alivichimbua.

Alilala chumbani kwetu, kitanda kimoja na mimi, na miguu yake ilikuwa baridi hata usiku wa joto. Nilifurahi sana. Alijua kusuka nywele bila kuumiza, na hakunitumatuma kama watu wazima wengine. Lakini katika nyumba niliona mabadiliko. Baba alianza kula haraka na kutoka. Mama alipika kama kawaida na kusema machache. Susu, mama yao Baba na Shangazi, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu na alitoka nyumbani kwake mara chache, aliitisha kiti chake kiletwe uani, akamwambia Baba mbele yetu, "Mpe mahali pa kukanyaga. Huyu sikumwokota njiani."

Baba akampa. Kilikuwa kipande kirefu chembamba chini kabisa ya shamba, karibu na kijito cha mchanga ambacho hupata maji siku za mvua tu. Kulikuwa na kichuguu, na mawe ambayo Baba mwenyewe alikuwa ameyatoa shambani na kuyatupa huko. Shangazi alishukuru kama mtu aliyepewa ng'ombe. Alihamisha mawe akayapanga ukingoni, akabomoa kichuguu na kutandaza udongo wake, akachanganya na majivu na mbolea ya mbuzi. Alikata mizizi kwa panga vipande vya urefu wa kidole, akavilaza kwenye mifereji, akavifukia kwa kiganja. Baba alishuka kuangalia, akasimama na mtaimbo wake begani.

"Mueni, hicho unachokipanda nimekipiga vita tangu nilipooa."

"Najua."

"Na bado unakipanda?"

"Wewe unaupiga vita kwa sababu unaota mahali usipoutaka, Baba Ndanu. Mimi nitauotesha mahali ninapoutaka."

"Mzizi hausikii hayo."

"Basi nitauchimbia mtaro."

Ndanu ni mimi. Watu wa rika lake walimwita Baba kwa jina langu, na siku hiyo nilihisi kama nimetajwa katika shauri lisilonihusu, ingawa baadaye niliona lilinihusu.

Alichimba mtaro kweli, kati ya kipande chake na shamba la Baba, wa kina cha mkono mpaka kiwiko. Kila asubuhi aliupitia akikata mizizi iliyochungulia. Maji tuliyachota kwenye mashimo ya kijitoni, ambapo ukichimba mchanga kwa kata maji hujikusanya polepole, meupe kwanza, halafu safi. Mchunga ulichipua kabla hatujamaliza kuusubiri. Katika kiangazi kile ambapo kila kitu kilikuwa na rangi ya vumbi, kipande cha Shangazi kilikuwa kijani, na majani yake, kwa sababu ya maji na mbolea, yalikuwa mapana na laini kuliko ya porini. Kabla ya kwenda shule mimi na yeye tulipita kwenye vitalu tukinyofoa vichwa vya maua kabla havijafunguka. Alisema mmea ukiruhusiwa kuchanua unaacha kushughulika na majani; na zaidi ya hapo, hakutaka mbegu hata moja ipeperuke kwenda juu kwa Baba. Vidole vyangu vilikuwa vya kahawia muhula mzima, na mwalimu wetu alidhani sinawi mikono.

Siku za soko Shangazi alifunga majani kwa mafungu, akayafunika kwa gunia bichi ndani ya karai, akaenda Migwani. Watu walimcheka kwanza. Nani anunue kitu ambacho kinaota chenyewe nyuma ya choo? Lakini mchunga wa porini wakati huo ulikuwa umenyauka, na ule wake ulikuwa bado unatoa maziwa. Alirudi na karai tupu. Alimletea Susu sukari, akamletea Mama mafuta ya kupikia, na siku moja alimletea Baba kofia ya kufumwa, ambayo Baba aliipokea kwa mikono miwili na hakuivaa.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo. Lakini kanisani, baada ya ibada, mzee mmoja alimwambia Baba kwa mzaha, watu wakisikia, "Nasikia siku hizi shambani kwako mnafuga magugu." Baba alicheka pamoja nao. Njiani kurudi alitangulia kwa hatua ndefu, akatuacha nyuma. Na wiki hiyohiyo Shangazi alianza kuchota mchanga wa kijitoni na kuurundika juu ya kipande chake, karai baada ya karai, kando ya vitalu. Mtu yeyote wa kwetu akiona mchanga uliorundikwa hivyo anajua maana yake. Mchanga ni wa kujengea. Nikikumbuka sasa, naona kwamba mchanga ndio uliomuudhi Baba, si mchunga.

Mvua fupi zilikuwa zimekaribia na kila mtu alikuwa akilima ili apande kwenye udongo mkavu. Siku hiyo Shangazi alikuwa ameenda sokoni. Baba alifunga ng'ombe asubuhi, nami nikatangulia mbele nikiwaongoza kwa kamba, kama nilivyofanya kila msimu, kwa kuwa hatukuwa na mvulana nyumbani. Tulilima kutoka juu tukishuka, kwenda na kurudi, joto likipanda. Tulipofika kwenye mtaro nilianza kugeuza ng'ombe.

"Usigeuze," Baba alisema. "Nenda mbele."

"Baba, tumefika mtaroni."

"Nimeuona. Nenda."

Nilisimama. Sikukataa kwa ujasiri. Miguu tu haikwenda. Baba aliacha mpini wa plau, akanipita, akachukua kamba mkononi mwangu bila ukali, akawavusha ng'ombe mwenyewe. Plau iliingia kwenye kitalu cha kwanza na majani yakapinduka yakionyesha migongo yake myeupe. Nilikimbia nyumbani kumwita Mama. Tuliporudi Baba alikuwa amekwenda mpaka mawe ya ukingoni, amegeuka, na alikuwa anarudi kupitia mtaroni kuelekea shambani kwake, plau ikivuta nyuma yake kamba za mizizi na kuzisambaza ndani ya udongo wake mwenyewe, udongo aliousafisha maisha yake yote. Hakuinama kuokota hata mzizi mmoja. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu niliyemjua asingefanya hivyo. Mama alimwita mara mbili, kisha akasimama ameshika leso yake kifuani mpaka Baba alipomaliza na kuwafungua ng'ombe.

Shangazi alirudi alasiri. Lazima aliona kipande chake kutoka njiani, kabla hajafika nyumbani, kwa sababu alipoingia uani karai lilikuwa limeshashuka kichwani, liko mkononi. Hakupiga kelele. Alimwuliza Baba, "Umemaliza, au bado kuna mahali?"

"Nimelima shamba langu," Baba alisema.

Aliingia chumbani kwetu. Nilimfuata nikamkuta anakunja nguo na kuzipanga kwenye karai, zile zile, kwa mpangilio uleule aliokuja nao. Nilimwambia asiende. Alisema, "Ndanu, nishikie kioo kisivunjike," nami nikakishika. Nje nilisikia sauti ya Mama, si kubwa, lakini ilikuwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Baba Ndanu, mwambie Mueni asikunje nguo."

"Mimi sijamfukuza mtu. Nimelima shamba langu."

"Shamba ulilipata kwa nani?"

"Kwa baba yangu. Unajua."

"Na baba yake Mueni ni nani?"

Tulitoka mlangoni, mimi na kioo changu na Shangazi nyuma yangu. Mwikali alikuwa ameshika sketi ya Mama. Susu alikuwa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza kwenye sauti.

"Katika boma hili aliyekuja ni mimi," Mama alisema. "Nilikuja na sanduku moja, nikamkuta Mueni hapa. Alizaliwa hapo palipo na jiko langu. Mama yenu yupo, mwulize. Kama wanaoondoka ni watu waliokuja, basi nianze mimi. Niambie tu, nami nitafunga." Kisha akatuonyesha mimi na Mwikali kwa kidevu. "Na hawa wawili ndio ulio nao. Siku wakirudi hapa na karai kichwani, watakanyaga wapi? Au utawalima pia?"

Ng'ombe walikuwa wakikojoa zizini na sauti hiyo ilisikika uani kote. Susu alisema, "Aiya," polepole, kama mtu aliyekalia mwiba. Baba alimtazama Mama kwa muda, akamtazama Shangazi, akachukua ndoo akaenda kuwanywesha ng'ombe, ingawa walikuwa wamekwisha kunywa.

Shangazi hakuondoka jioni ile. Mama alichukua karai akazitoa nguo, akazirudisha kwenye kamba ya chumbani kwetu, na Shangazi akamwacha afanye. Alisema tu, "Wifi yangu, nitakaa mpaka mvua inyeshe." Siku zilizofuata watu wa nyumba moja walikula sehemu tofauti. Baba alipanda mahindi na ndengu peke yake. Shangazi aliosha vyombo, akafua, akamsaidia Susu kuoga, na hakushuka kijitoni hata mara moja. Vipande vya mizizi vilivyobaki juu ya udongo vilikauka, na nikadhani mambo ya mchunga yameisha.

Kisha mvua ilinyesha, mvua nzuri, ya mfululizo. Mahindi yalitokeza, na ndengu zikatokeza, na katikati yake, kwa mistari iliyonyooka kufuata mifereji ya plau, mchunga ukatokeza. Haukuwa huku mmoja na kule mmoja. Ulikuwa nusu ya shamba la chini, kutoka kijitoni kupanda juu, mwingi na wenye afya. Watu waliokwenda kanisani walisimama njiani kutazama. Baba alisimama katikati ya shamba lake asubuhi moja, mtaimbo mkononi, na hakuanza popote, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuanzia.

Shangazi alishuka na kiondo chake. Sote tulimwona kutoka uani. Alianza mwisho wa mstari, akachuma majani, akahamia mmea wa pili. Baba alimtazama mpaka akafika karibu naye.

"Usiuache mzizi," Baba alisema hatimaye.

"Mimi nachuma majani. Mzizi ni wako."

Ndivyo walivyofanya. Yeye alitangulia akichuma, Baba akafuata nyuma akichimba, na jioni kiondo kilikuwa kimejaa na mwamba umejaa mizizi. Kesho yake waliendelea, na siku zilizofuata, kila mvua ilipowapa nafasi. Sisi tulisaidia tukitoka shule. Mwanzoni walifanya kazi kimya. Baadaye walianza kubishana juu ya mambo madogo: nani alivunja mtungi wa mama yao, mbwa wao wa zamani alikuwa na rangi gani. Siku moja nilikuwa katikati yao nikikusanya mizizi, nikamsikia Baba akiuliza bila kuinua uso, "Kule Wote, walikupiga?"

"Hapana," Shangazi alisema. "Waliacha kuniita kwa jina."

Baba aliacha kuchimba. Alibaki ameinama vile, mikono juu ya mtaimbo, muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kupumzika. Kisha akaendelea. Mueni, kwa Kikamba, ni mgeni. Watoto huitwa hivyo wakizaliwa siku ambayo nyumba ina wageni. Sijui kama alikuwa anafikiria hilo. Najua kwamba tangu siku hiyo alimwita kwa jina katika kila sentensi, hata pasipohitajika. Mueni, lete maji. Mueni, mvua hiyo inakuja.

Mahindi ya shamba la chini hayakufanya vizuri mwaka ule, wala uliofuata. Baba alilalamikia hilo mpaka uzeeni, na kila alipolalamika alimtaja Shangazi kama mwenye makosa, naye Shangazi aliitikia kwamba si yeye aliyeshika plau. Sikuwahi kusikia msamaha ukiombwa. Ila baada ya kuvuna ndengu Baba alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akashuka kijitoni, akarudi na mchanga, akaumwaga juu ya lundo la Shangazi ambalo mvua ilikuwa imelipunguza. Alifanya hivyo mpaka lundo likatosha. Mwaka uliofuata walichoma matofali pamoja. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na dirisha linalotazama kijito. Nilikwenda kulala huko mara nyingi kuliko nilivyolala kwetu.

Sasa ninaishi Wote, katika mji uleule ambao Shangazi aliuacha na gunia linalodondosha maji, na ninafundisha shule ya msingi. Mchunga hapa si jambo la kuchekwa tena. Unauzwa sokoni umefungwa vizuri kando ya sukuma wiki na mchicha, na hoteli zinazolisha watu wa ofisi za kaunti huuandika ubaoni pamoja na kuku wa kienyeji. Vijana wanaupanda chini ya neti za kivuli, wakiumwagilia kwa mipira yenye matundu, na wanaoambiwa na daktari wapunguze sukari na chumvi huutafuta wakiamini ni dawa. Mimi mwenyewe ninao nyuma ya nyumba, kwenye magunia yaliyojazwa udongo, ili mizizi isiende kwa jirani. Si mchungu kama ule wa utotoni. Unapata maji mengi, unachumwa ungali mchanga, na siku hizi wengi hawamwagi maji ya kwanza. Mama anapokuja kunitembelea huula na kusema kwamba mchunga wangu ni mvivu. Wanafunzi wangu wakiuona porini hawautambui. Wanafikiri mboga hutoka kwenye magunia.

Baba alifariki miaka kadhaa iliyopita. Mwaka jana tulikutana nyumbani kwa ajili ya kugawa shamba, kwa sababu mambo ya namna hiyo yakicheleweshwa huzaa maneno. Alikuja mpimaji kutoka Kitui na vijana wake na vigingi. Ndugu yetu Kioko, aliyezaliwa baada ya msimu ule ninaousimulia na ambaye hakuuona, ndiye aliyemtembeza. Tulikuwa tunakunywa chai uani walipofika ukingo wa chini, na sauti zikatufikia vizuri.

"Hapa penye nyumba ndogo ni kwa nani?" mpimaji aliuliza.

"Kwa Shangazi," Kioko alisema.

"Na huko juu, mpaka kwenye njia ya kanisa?"

"Hiyo ni ya dada zangu. Mimi nachukua upande wa zizi." Alisema hivyo mdomo umejaa mkate, akaonyesha kwa kikombe, na mpimaji akapiga kigingi.

Sitaki kuonyesha kwamba mambo yamekuwa hivyo kila mahali. Kuna msichana niliyesoma naye ambaye alirudi kwao, boma la pili kutoka letu, na sasa anapanga chumba sokoni Migwani kwa sababu ndugu zake walimwambia aliolewa, basi. Sheria inasema jambo moja, na watu wengi bado wanasema lingine, na kati yake wanawake wanatembea na mizigo yao. Kwetu ilikuwa rahisi kwa sababu ilikuwa imeshakuwa ngumu zamani.

Jioni ile, wapimaji walipoondoka, nilikaa na Mama jikoni. Shangazi alikuwa nje anabishana na Kioko kuhusu kigingi kilichopigwa katikati ya kitalu. Nilimwuliza Mama kama anakumbuka maneno aliyomwambia Baba siku plau ilipovuka mtaro. Nilitaka kumwambia kwamba nimeyabeba maisha yangu yote, kwamba nimeyarudia kichwani siku nyingi ambazo mimi mwenyewe nilihitaji kusema kitu na sikujua nianzie wapi. Mama alisonga ugali kwa muda, akaugeuza, akaupiga kingo.

"Maneno yenyewe siyakumbuki vizuri," alisema. "Nakumbuka nilivyoogopa. Nilikuwa na wasichana wawili tu, sina mvulana, na sina kwetu pa kurudi. Mwikali alikuwa amenishika sketi, na nilikuwa namshukuru, kwa sababu miguu ilikuwa inatetemeka na sikutaka baba yenu aione."

Nje Kioko alikuwa amekubali kigingi kisogezwe.